Mbungo na mti unaoubeba

Juisi ya mabungo, ile ya rangi ya chungwa wanayoipenda sana Unguja na Pemba, hutoka kwenye mmea usioweza kusimama peke yake. Mbungo ni mtambaazi wa porini, mwenyeji wa Afrika na visiwa vya Komoro. Huota chini kivulini, kisha hurusha vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye matawi ya jirani, na kupanda hata mita 20 kulifuata jua. Majani yake ni mabichi mwaka mzima. Maua meupe, yenye koo la manjano, hunukia vizuri mno. Ukiukata, hutoa utomvu mweupe unaonata. Ndugu yake, Landolphia kirkii, aliyepewa jina la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alikamuliwa mpira karne ya 19.

Kinachoniuma ni panga. Tunaangusha mti kwa ajili ya mkaa, na mbungo uliokuwa juu yake unaanguka nao, matunda na yote. Leo ukikamua mabungo, chukua mbegu chache, uzifukie chini ya mwembe wako.