Aliyevaa Gunia

Ukitaka kukutana na mtu tauni hapa Nairobi, huna haja ya kueleza sana. Unamwambia, "Tupatane Archives," na anajua. Atasimama pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, akichungulia simu kati ya watu wengine mia wanaongoja watu wao: wapenzi, mtu na mdeni wake, fundi na mteja, vijana wa kuuziana viatu vya mtandaoni. Jumba lenyewe, ambalo zamani lilikuwa benki, tunalipa mgongo. Kuna watu wamepatana Archives miaka nenda miaka rudi na hawajawahi kuvuka mlango ule. Walioingia nao, wengi waliishia chini, kwenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, yule makamu wa pili wa rais, wakaona vinyago, wakapiga picha, wakatoka.

Kuna makaratasi pia. Ripoti za wakuu wa wilaya, kesi za mashamba, hesabu za kodi ya nyumba, barua za wamisheni wakilalamikia ngoma na tohara, orodha za vibarua. Hiyo ndiyo historia ya jinsi tulivyotozwa, tulivyobatizwa na tulivyoajiriwa, na sehemu kubwa imeandikwa na wale waliokuwa wakitutoza. Sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha hifadhi hii iliweka kanuni kwamba, kwa kawaida, faili la serikali likifikisha miaka 30 mwananchi anaweza kuliomba na kulisoma. Hapo sheria imemaliza kazi yake. Swali langu mimi linaanzia hapo sheria inaponyamaza: je, kuna jina la marehemu ambalo, hata nikiruhusiwa kulisoma, sina haki nalo?

Nina sababu ya kuuliza. Shosho yangu anaishi Dagoretti, kwenye kishamba kilichobaki baada ya ploti kukatwa mara nne. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na babake alikuwa mpishi huku mjini. Tarehe 24 Aprili mwaka huo wanajeshi na polisi waliufunga mji mzima katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini kwa maelfu, wakachujwa, na wengi wakapelekwa kambi ya Lang'ata, kisha Mackinnon Road na Manyani. Katika uchujaji wa siku zile kulikuwa na mtu ambaye wazee wetu walimwita gakunia, yaani wa kigunia. Alifunikwa gunia kuanzia kichwani, likatobolewa matundu mawili ya macho. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitikisa vile, unapanda lori.

Babake Shosho alipanda lori. Alirudi baada ya miaka minne, akiwa na kikohozi na bila shamba. Wakati yeye yuko kizuizini, serikali ilikuwa imeunganisha vipande vya ardhi vya Kiambu (Dagoretti wakati huo ilikuwa Kiambu, haijaingizwa Nairobi) na kuvigawa upya kupitia kamati za wazee waliohesabiwa kuwa waaminifu. Asiyekuwepo hakuwa na wa kumsemea. Akapewa kipande cha mteremkoni, kando ya mto, ambacho ukilima mvua inakushukuru kwa kuondoka na udongo.

Nilipopata ruhusa ya kusoma Archives, nilimwambia Shosho nitamtafutia faili la babake. Nilidhani atafurahi. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe, halafu akasema, "La baba tafuta. La yule wa gunia usitafute."

"Kwani unamjua?"

"Watoto wake ndio walichimba kaburi la babu yako."

Akaniagiza maji.

Siku nyingi nilikaa na jibu hilo nikijaribu kulipinga, kwa sababu mimi ni wa kizazi kinachoamini kwamba kila kitu kiwekwe wazi. Na sisi Wakenya tunayo sababu ya kuamini hivyo. Tarehe 3 Desemba 1963, siku tisa kabla ya uhuru, masanduku manne ya nyaraka za siri yalipakiwa kwenye ndege hapa Nairobi kwenda Uingereza. Mengine yalikuwa yameshapelekwa au kuteketezwa. Maagizo ya kuteketeza yalikuwa na usafi wa ajabu: karatasi zichomwe hadi ziwe majivu, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe, ukizitupa baharini, ziwe kwenye masanduku mazito, mahali penye kina na pasipo mkondo. Faili lililopigwa muhuri wa siri wa aina fulani liliweza kushikwa tu na mtumishi mwenye asili ya Ulaya. Kenya iliomba nyaraka zake tangu mwaka 1967, ikanyimwa.

Ilikuwa hadi mwaka 2011 ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba kuna mafaili takriban 1,500 ya Kenya yaliyofichwa katika jumba la Hanslope Park, na hiyo ni kwa sababu wazee wetu waliipeleka mahakamani London. Wambugu wa Nyingi, Paulo Nzili, Jane Muthoni Mara na wenzao walikuwa na makovu mwilini. Lakini kovu halitaji aliyetoa amri, karatasi inataja. Juni 2013 Uingereza ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, pamoja na masikitiko yaliyosemwa bungeni kwa lugha ya kisheria sana. Bila mafaili yale, sijui kama wangefika hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia nyaraka zifichwe kwa faida ya amani, huwa nauliza kwanza ni amani ya nani.

Lakini sasa tazama sababu walizojipa. Agizo la mwaka 1961 la kuchagua nyaraka zisizopaswa kuachiwa serikali mpya lilitaja zile zinazoweza kuiaibisha Uingereza. Hilo tunalielewa haraka. Lilitaja pia zile zinazoweza kuwaaibisha polisi, watumishi wa serikali na wengineo, wakiwemo wapasha habari. Yaani mtu wa gunia. Mkoloni na Shosho yangu, ambaye mkoloni alimnyang'anya baba kwa miaka minne, wanasema neno moja: jina la yule lisitoke.

Hapo ndipo nilipokwama. Ni rahisi kusema mkoloni alikuwa anadanganya, alikuwa anajifunika yeye mwenyewe kwa gunia la mtu mwingine. Naamini hivyo. Lakini sababu njema haigeuki kuwa mbaya kwa kuwa imetoka kwenye mdomo wa mwongo. Mwaka 1963 orodha ya wapasha habari ikisomwa Kiambu, pangekufa watu, na si wote wangekuwa na hatia.

Nchi nyingine zilijibu swali hili kwa namna mbalimbali. Ujerumani, baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, ilipitisha sheria mwaka 1991 ya kumruhusu kila raia asome faili ambalo polisi wa siri wa Mashariki walimwekea, na akitaka, aambiwe jina halisi la aliyempelelezi. Watu wakagundua ni mume, ni rafiki, ni mchungaji wa kanisa. Nchi haikuungua. Afrika Kusini ilikwenda njia nyingine kabla hata ya kuulizwa: mwaka 1993 idara ya ujasusi ya makaburu ilisaga na kuchoma tani zipatazo 44 za kumbukumbu. Tume ya Ukweli ilipoanza kazi ilikuta rafu tupu, na kuna mama ambaye mpaka leo hajui mwanawe aliuzwa na nani.

Sisi tulichagua kunyamaza. Viongozi wa kwanza walituambia sote tulipigania uhuru, tusahau ya nyuma, na Mau Mau yenyewe ikabaki kundi lililopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Ukimya huo ulikuwa na faida yake, sikatai. Uliwezesha watu kuishi mtaa mmoja, kuoana na kuchimbiana makaburi. Lakini pia ulikuwa na bei, na haikulipwa sawasawa. Aliyekuwa na cheti cha uaminifu alipata ardhi ya juu, akasomesha, leo wajukuu wake wana fleti za orofa sita Kangemi na Kawangware. Aliyetoka Manyani alipata mteremko. Ukimya uliwapa wote utulivu, lakini hati ya kumiliki ardhi ilikwenda upande mmoja.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na Shosho moja kwa moja. Naona kuna majina mawili tunayoyachanganya. Kuna aliyeketi kwenye kamati, akapima, akatia sahihi, akapata. Huyo alifanya kazi ya hadharani, kwa cheo, na jina lake ni mali ya umma hata wajukuu wake wakikasirika. Nitalisoma na nitalitaja. Na kuna aliyewekwa ndani ya gunia. Wengi wao walikuwa wamepigwa kwanza. Wengine walikuwa wamefungiwa mke. Wengine, ndiyo, walikuwa wanalipa kisasi cha mbuzi. Kutoka nje ya gunia huwezi kujua ni yupi, na faili halitakwambia, kwa sababu karani aliandika alichosema tu, hakuandika alifanywa nini kabla ya kusema.

Utaniambia hata hivyo aliyepanda lori ana haki ya kujua. Ana haki, na haki hiyo ni yake. Babake Shosho amekufa. Imebaki kwa Shosho, na yeye ameamua kutoitumia. Je, akifa, nitairithi kama ploti? Hapo sina uhakika, na nashuku wengi wetu tunaopenda kufukua tunatumia maumivu ya watu ambao hawakututuma. Mimi sikukaa Manyani. Nilikulia kwenye kochi, nikitazama katuni kwenye nyumba ya jirani yule yule, kwa sababu wao ndio waliokuwa na tivii ya rangi.

Basi nilienda. Nilisoma kwa siku tatu. Kamati niliiona, majina saba, sahihi na vidole gumba, na nimeyanakili yote. Karatasi za uchujaji zilipofika mezani nilitafuta herufi ya babake Shosho tu, nikaupita ukurasa mmoja uliokuwa umeandikwa kwa mkono mwingine. Nikimwambia mwenzangu wa chuo hivyo ananicheka, anasema mtafiti hafanyi hivyo. Sawa. Siku ile sikuwa mtafiti.

Jina lilikuwepo. Namba, kijiji, kazi: mpishi. Nilimpelekea Shosho Jumapili, nimelinakili kwenye karatasi vile vile lilivyoandikwa. Alivaa miwani, akalitazama muda mrefu.

"Wamelikosea," akasema. "Herufi mbili."

"Nimeona."

"Na hukulirekebisha?"

Nikamweleza kwamba mle ndani mtu haruhusiwi kuandika kitu chochote juu ya makaratasi yale, hata nukta.

"Na huyu aliyelikosea," akauliza, "aliruhusiwa na nani?"