Siku Moja ya Kris Bryant

Mwaka 2015 klabu ya Chicago Cubs ilikuwa na kijana aitwaye Kris Bryant. Katika mechi za maandalizi kabla ya msimu wa besiboli, aliupiga mpira ukavuka uzio mara 9, na hakuna mchezaji wa timu yoyote aliyempita. Mashabiki wa Chicago, ambao timu yao haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1908, walishaanza kuhesabu siku. Halafu klabu ikatangaza kwamba kijana anaanzia ligi ndogo, kwenye timu yao ya Iowa. Sababu? Eti bado hajakomaa katika kudaka na kurusha mpira.

Aprili 17, timu ikiwa imeshacheza mechi 8 tu, akaitwa. Klabu ilisema mwenzake wa nafasi ile ameumia. Sawa. Lakini kule kudaka na kurusha alikuwa ameshakujifunza lini?

Ili jambo hili lieleweke, inabidi tupige hesabu kidogo. Mchezaji akishaingia ligi kuu ya Marekani, klabu inashikilia haki zake mpaka atimize miaka 6 ya utumishi. Ile miaka ya mwanzo, kwa kawaida 3, inamlipa karibu kadiri inavyotaka, mradi isishuke chini ya kiwango cha chini, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 507,500. Akitimiza 6 anakuwa huru kwenda kwa mwenye dau kubwa. Sasa, mwaka wa utumishi ni siku 172, na msimu una siku zaidi ya 180. Mcheleweshe mtu wiki mbili tu, hafikishi. Bryant alimaliza msimu ule akiwa na siku 171.

Siku moja. Kwa siku hiyo moja, uhuru wake ulisogea mbele mwaka mzima.

Kabla hatujarusha mawe, tuwasikilize wenye klabu. Sheria hii hawakuitunga peke yao; imo katika mkataba ambao chama cha wachezaji chenyewe kilisaini. Klabu ya mji mdogo haiwezi kushindana kwa fedha na New York au Los Angeles; ikilea kijana miaka minne mitano, ina haki ya kufaidi matunda yake. Na shabiki naye, akiulizwa kama anataka wiki mbili za kijana asiyejua kitu au mwaka mzima wa mchezaji aliyeiva, atachagua nini? Hoja hizi si za kipuuzi. Chama kililalamika kwa niaba ya Bryant, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akaipa klabu ushindi. Sheria ni msumeno, wanasema, na safari hii ulikata upande mmoja.

Mimi sina ugomvi na hesabu. Kila mwenye biashara hupiga hesabu, na Cubs, ambao wala si maskini, walipiga yao. Kinachonikera ni ile sababu. Kama wangesema, "Wewe ni bora, lakini mkataba unaturuhusu kukuchelewesha, nasi tunautumia," Bryant angekasirika, ila angebaki na heshima yake. Badala yake aliambiwa ana upungufu. Kwa mtu anayeishi kwa kazi yake, kipimo cha kazi hiyo ndicho kioo chake. Ukikipindisha kwa ajili ya fedha, umechukua kitu ambacho hakimo katika mkataba wowote. Tena unamweka pabaya: akipinga, anaonekana mwenye majivuno, akinyamaza, amekubali uongo juu yake mwenyewe.

Na shabiki je? Naye anatakiwa aigize. Ananunua tiketi kamili ya Aprili kutazama timu ambayo wenyewe wanajua si bora kadiri wanavyoweza, halafu anaombwa aamini habari za kudaka mpira. Nadhani hasira yake inaanzia hapo. Kungoja anaweza, mashabiki wa Cubs walingoja miaka 108. Kufanywa mjinga ndiko kunakouma.

Februari 2021 rais wa Seattle Mariners, Kevin Mather, alizungumza mbele ya watu wa klabu ya Rotari na kueleza waziwazi kwamba hawakutaka saa ya utumishi ya vijana wao ianze kuhesabu. Katika mazungumzo hayohayo aliwadharau wachezaji wa kigeni kwa Kiingereza chao, na kwa hilo alistahili kuondoka. Akajiuzulu. Lakini ile habari ya saa ilikuwa na ajabu yake: watu walishtuka kusikia jambo ambalo wote walikuwa wanalijua. Uongo wa namna hii haumdanganyi mtu. Kazi yake ni kuwafunga watu midomo.

Mkataba wa 2022 ulijaribu kuziba tundu. Kijana akimaliza katika nafasi mbili za juu kwenye kura ya mchezaji bora mpya wa ligi yake, anapewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia. Bryant alishinda tuzo hiyo mwaka ule wa 2015. Sheria hiyo ingekuwepo, angehesabiwa mwaka mzima. Ni hatua nzuri. Ila inamlinda anayeng'ara kupita wenzake. Yule wa wastani, aliyecheleweshwa vilevile kwa sababu zilezile za kudaka na kurusha, hana kura ya kumwokoa.

Mwaka 2016 Bryant aliokota mpira wa mwisho, akaurusha huku anatabasamu, na Chicago ikawa bingwa. Bila ile siku iliyopungua, angekuwa huru baada ya msimu wa 2020. Mwaka wa ziada, yaani 2021, ndio ambao shabiki aliambiwa autarajie: utakuwa naye kwa muda mrefu zaidi. Julai 30, 2021, kabla mwaka huo haujaisha, Cubs walimpeleka San Francisco Giants kwa kubadilishana na vijana wawili wa ligi ndogo.