Uaminifu wa Sauti

Amplifaya ya marehemu baba haibebwi kwa mkono mmoja. Unaipakata kama mtoto aliyelala, transfoma ikikuegemea tumboni. Ikishapiga nusu saa, mfuniko wake wa bati unapata joto, na vumbi la ndani linatoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Asubuhi za masika sisi watoto tulikuwa tunaweka viganja juu ya matundu yake tukisubiri chai. Kwetu lile joto lilikuwa sehemu ya muziki. Kitu kinachofanya kazi kwa bidii, tulidhani, lazima kitoke jasho.

Mwaka jana mdogo wangu alikuja Tanga na kiboksi cheusi kinachoingia mfuko wa koti. "Kaka, hiki kinatosha," akasema. Nilikasirika. Nilihisi kama ameleta kijana wa jana aketi kwenye kiti cha mzee.

Tukazifunika zote mbili kwa kanga. Nilipima kwa mita kwenye waya za spika, zipige kwa nguvu ile ile, maana sikio hudanganyika upesi: chenye sauti kubwa kidogo hukiona ndicho kizuri. Tukaweka taarabu ya Ikhwani Safaa, nikasikiliza nyuzi za ganuni zinavyofifia baada ya kuguswa, kwa sababu humo ndimo nilimojua nitaitambua ya baba. Sikuitambua. Mama naye alikisia, akakosa, akaomba wimbo urudiwe.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilikuwa natetea nini.

Joto tulilolipenda lilikuwa umeme uliopotea. Transista za amplifaya ya zamani hukaa nusu wazi nusu zimefungwa, kama dereva anayekanyaga mafuta huku mguu wa pili uko kwenye breki, na tofauti yote inageuka moto. Ule mtindo unaosifiwa kuliko yote, daraja A, hata kwa hesabu za karatasini hauvuki asilimia 50, na hunywa umeme vile vile hata wimbo ukiwa umenyamaza. Kiboksi cha mdogo wangu ni cha daraja D. Herufi hiyo haimaanishi dijitali, kama wengi wanavyodhani. Ndiyo tu iliyofuata baada ya C. Ndani yake transista hufunguka kabisa au hufungwa kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde, na urefu wa kila mfunguko ndio unaobeba umbo la sauti. Mlangoni pa kutokea, koili na kapasita huilainisha mipigo hiyo ikawa wimbi. Takriban asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza amplifaya ya namna hii, X-10, ikashindwa, kwa kuwa transista za wakati ule hazikuwa na kasi ya kazi hiyo. Baadaye transista zilipopata kasi, bado amplifaya nyingi za daraja D zilikuwa na kasoro moja: zilijisikiliza kabla ya koili. Ukibadilisha spika, rangi ya sauti nayo ikabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mhandisi Mbelgiji, Bruno Putzeys, akiwa Philips, alitengeneza saketi ya UcD. Yeye aliichukua sauti baada ya koili, pale pale inapoelekea kwenye spika, akairudisha nyuma ilinganishwe na ile iliyoingia, irekebishwe. Napenda sana jambo hili. Mashine inalisikiliza neno lake likishatoka mdomoni, kama linavyomfikia mwenzake. Bibi alijaribu kunifundisha adabu hiyo, na bado naisomea.

Hai-fai maana yake ni uaminifu wa hali ya juu. Uaminifu kwa nani? Nadhani ni kwa yule aliyeimba. Amplifaya nyingi za valvu huongeza utamu wake kidogo, na anayeupenda simlaumu. Lakini mjumbe anayetia asali kwenye salamu hajawa mwaminifu kumzidi anayezifikisha kama alivyopewa. Kwa kipimo hicho ya baba imepata mrithi, na imeniuma kulikubali.

Nje ya saketi, hata hivyo, uaminifu unakatika. Kiboksi kimeandikwa wati 300. Adapta yake inatoa volti 24 kwa ampea 4, yaani wati 96. Mtoto anayejua kuzidisha ataona.

Halafu kuna fundi. Mara tatu ya baba imekufa, mara tatu fundi wetu wa Ngamiani ameifufua. Alichomoa 2N3055, zile transista za chuma zenye umbo la jicho, akaweka nyingine kutoka kwenye kopo la Blue Band. Mchoro wa saketi ulikuja nayo, umekunjwa ndani ya kijitabu, na mikunjo yake sasa imeshikwa kwa gundi ya karatasi. Nilipompelekea kiboksi akakifungua, akainamia vipande vidogo kama ufuta, akakaa kimya. "Kijana wangu," akasema, "hiki kikifa, kimekufa." Kosa hilo si la daraja D. Ni la aliyeamua kukiuza bila mchoro, bila kipuri, kwa mtu asiyetarajiwa kukifungua. Mrithi wa sauti amepatikana. Kitu cha kurithisha bado sijakiona.

Shangazi yangu yuko kijijini Handeni, ana paneli moja ya sola na betri moja. Ya baba ingehitaji inveta, nayo ingeimaliza betri hiyo kabla ya isha. Miaka yote dada yake baba hakuwa na namna ya kusikiliza santuri za kaka yake, na hata mimi sikuwahi kulifikiria. Mdogo wangu alizihamishia kwenye simu, kiboksi kinakubali pia volti 12, tukampelekea.

Nilipomaliza kuunga waya, shangazi aliweka kiganja juu yake, vile vile tulivyokuwa tunafanya sisi.

"Mbona kimepoa hivi, mwanangu? Hakijawaka?"

Nikabonyeza simu, ganuni ikaanza.