Nani Alishika Kamba

Kaa, mjukuu wangu. Jana ulinisomea hiyo simu yako mara tatu, na mara zote tatu niliitikia "ehee", maana mtu akiwa na furaha haulizwi maswali. Leo nimepumzika kidogo. Sasa nisikilize.

Namba yako ni 12. Nilivyokuelewa, kipimo hicho alikitunga mwanafizikia aitwaye Hirsch mwaka 2005: una makala 12 ambazo kila moja imetajwa na wenzako si chini ya mara 12. Sikibezi. Bila hicho chuo hakikupandishi cheo, na bila cheo hupati hata fedha ya mafuta ya boti. Lakini ulipofika kwa yule mwenzio aliyeandika habari za Ziwa Tanganyika asikutaje, sauti ilikupanda hadi bibi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hapo ndipo nina neno nawe.

Mimi kule Kigoma kazi yangu ilikuwa kamba. Usiku injini imezimwa, nateremsha chupa ya kuchotea maji, kila mita kumi pana kitambaa chekundu. Kusi likivuma boti inasukumwa, kamba inalala mshazari, na usipoangalia utaandika mita 100 kumbe chupa iko 80. Aliyenifundisha kuisoma kamba iliyolala ni mvuvi wa dagaa asiyejua kusoma herufi. Makala ilipotoka nikaonyeshwa ukurasa wa mwisho: wanashukuru "wafanyakazi wa boti". Chupa ilitajwa kwa jina, na kiwanda chake, na nchi ilikotengenezwa. Nilicheka siku ile. Siku hizi sicheki sana.

Wala si jambo geni hapa Unyanyembe. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipita hapa Tabora, wakati huo wakipaita Kaze, wakafika Ujiji Februari 1858. Speke macho yalikuwa yamevimba, ziwa lenyewe hakuliona vizuri. Burton miguu imemfa, anabebwa. Magamba waliyoyatoa ufukweni yakarudi kwa njia hii hii, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi, mpaka London, ambako mtaalamu aitwaye Woodward aliyapa majina mwaka 1859. Kombe mmoja akapewa jina la Speke, mwingine la Burton. Na desturi yenu ni kwamba anayemwandika kombe yule kikamilifu amtaje Woodward na mwaka wake, kwa hiyo mpaka leo anatajwa. Katika msafara ule Sidi Mubarak Bombay angalau tunamjua. Mpagazi aliyebeba kisanduku cha magamba yale alikuwa mtoto wa nani?

Wewe unafundisha zile makala mbili za 2003, moja ya Nature, nyingine ya Science. Maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, virutubisho vinabaki kilindini na mwani juu unakosa chakula. Catherine O'Reilly na wenzake, katika ile ya Nature, walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20, na samaki wa kuvuliwa huenda wamepungua karibu asilimia 30. Kazi nzito, nami naziheshimu. Lakini joto la ziwa lisingejulikana kuwa limepanda pasingekuwa na vipimo vya zamani, vingine vya 1913, na kila kipimo pana mtu alisimama ukingoni mwa chombo akashusha kitu majini. Nukta zile mnazozipanga kwenye mchoro zilianzia mikononi.

Nilikuuliza jana: kwa miaka mitatu ya utafiti wako, wavuvi wangapi wamekuchukua ziwani? Ukasema, "Kama saba hivi, babu." Kama saba! Wale waliotaja makala zako unawajua mmoja mmoja, hadi wa Japani. Na habari ya migebuka kuhamia maji ya mbali umeniambia mwenyewe uliisikia kwanza kwenye mtumbwi, kabla mashine yako haijaona chochote.

Hiyo makala mpya umesema hujaituma bado. Basi ifungue, nenda pale pa shukrani. Anza na yule mzee wa Kibirizi aliyekuvusha usiku wa dhoruba akakuvika koti lake. Alikuwa anaitwa nani?