Msiba Usio na Majirani

Mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi mjini Kyoto, baba yangu alifariki Tanga mwezi wa Oktoba, na nauli ya kwenda kumzika sikuwa nayo. Desemba ikaja. Wajapani huandikiana kadi za heri zifikazo tarehe 1 Januari. Lakini aliyefiwa mwaka huo haziandiki, bali hutanguliza barua ya kuomba radhi kwa ukimya wake. Mimi mgeni, nani angejua? Niliketi mbele ya kadi tupu nikajiuliza: msiba usioonwa na mtu una haki gani juu ya mfiwa? Kwetu matanga hutuzunguka, na macho ya majirani hutusaidia kushika adabu. Hutusaidia mno, pengine. Msomaji atasema desturi ya wenyeji haimfungi mgeni. Naam, lakini baba hakuwa mgeni kwangu. Sikuziandika.

Mwalimu wangu mzee, nilipomweleza kwa haya, hakusema neno. Usiku wa tarehe 31 alinipeleka hekaluni, ambako kengele hupigwa mara 108, idadi ya tamaa zimsumbuazo mwanadamu katika mafundisho ya Kibudha. Watu walisimama safu katika baridi wakingoja zamu. Yangu ilipofika niliivuta kamba ya gogo kwa nguvu kupita kiasi, na mlio ukanishtua mwenyewe.