Kiganja Chekundu Juu ya Ngao

Ngao za mabwana wa Uingereza husomwa kama shairi la mafumbo. Kila rangi ina neno lake, na msomaji asiyejua ufunguo hubaki kutazama mapambo. Nitazungumzia fumbo moja tu.

William Lever, mwana wa mfanyabiashara wa vyakula wa Bolton, alitajirika kwa sabuni ya Sunlight. Kuanzia mwaka 1888 aliwajengea wafanyakazi wake kijiji cha Port Sunlight, na mwaka 1906 akaingia Bungeni kwa chama cha Liberali. Mwaka 1911 alipewa cheo cha baroneti. Mwenye cheo hicho ana haki ya kuweka katika ngao yake kiganja chekundu cha kushoto, kilichokatwa kwenye kifundo. Ndiyo alama ya Ulster. Hekaya husema kwamba watu walishindana kwa mashua, atakayegusa nchi kwanza awe mfalme wake. Mmoja wao, alipoona anapitwa, alijikata mkono akautupa ufukweni.

Mwaka huohuo Lever aliafikiana na serikali ya Ubelgiji kuvuna michikichi ya Kongo, katika eneo lililoweza kufika hekta 750,000. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Mfalme Leopold II anyang'anywe nchi ile, ambako askari wake walikata mikono ya maiti, na pengine ya walio hai, kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure.

Sisemi Lever alimkata mtu mkono. Mkataba wake ulidai shule na hospitali, na Bungeni aliwatetea wazee wapate pensheni. Tena atasema mwenye kumtetea: kiganja ni cha Ulster, si cha Kongo, wala hakukibuni yeye. Kwa kanuni za nembo, hoja hiyo yatosha.

Kwangu haitoshi, na sababu imo katika hekaya yenyewe. Yule wa mashua aliitaka nchi, akailipia kwa mkono wake mwenyewe. Huko Kwilu aliyeitaka nchi alikuwa mmoja, na aliyelipa mwingine: mwanakijiji aliyesukumwa na kodi na amri za dola kuupanda mchikichi na kuangusha vichala kwa bei asiyoipanga. Mwaka 1931, miaka sita baada ya Lever kufariki, Wapende waliasi, na mamia yao wakauawa.

Lakini mtu huyu alijua thamani ya jina. Alipofanywa lodi mwaka 1917 aliliunganisha lake na la ukoo wa mkewe, Elizabeth Hulme, aliyekufa mwaka 1913, akaitwa Leverhulme. Sijui heshima ya mfiwa iliyo nzuri kuliko hiyo. Na jina lilelile la Lever likabandikwa juu ya Lusanga, kituo chake kikuu cha Kwilu, pakaitwa Leverville, kana kwamba hapakuwa na jina.

Mjukuu wake alifariki mwaka 2000 bila mwana wa kiume, na vyeo vyote vikafa naye. Leverville inaitwa tena Lusanga.