Leseni na Miguu

Kajaga, karibu na Bujumbura, iko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ule ambao maji yaliupanda miaka hii na kuingia majumbani. Uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye hauko mbali, na anayeinua macho akiwa pale huziona ndege zikishuka. Zote hutua kwa mtindo mmoja: magurudumu makuu kwanza, kisha pua hulazwa taratibu juu ya gurudumu lake. Mtazamaji huamini kwamba tairi zikishagusa lami, kazi imekwisha. Kwa ndege hizo, hajakosea sana.

Ndege ya gurudumu la mkia ni habari nyingine. Magurudumu mawili makubwa yako mbele, dogo liko chini ya mkia, na pua imeinuka hata rubani haoni anakokwenda. Ikiwa bado ardhini hulazimika kuiendesha upogoupogo ili achungulie pembeni. Lakini ugumu wenyewe umejificha. Kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo ikipinda kidogo inapokimbia ardhini, uzito ule wa nyuma hutaka kuyapita magurudumu hayo ya mbele. Mkokoteni ukivutwa hufuata. Ukiusukuma kinyumenyume, huasi. Mpindo hukua wenyewe mpaka ndege igeuke kutazama ilikotoka, pengine bawa likikwangua chini.

Dawa ni miguu. Iko juu ya pedali za usukani, inagonga kushoto, kulia, kushoto tena, mapigo madogo ya haraka, kabla jicho halijawa na hakika kwamba kuna kosa. Wala haipumziki mwendo unapopungua, maana hapo ndipo usukani unapokosa upepo wa kushika.

Sasa aje rubani mwenye leseni, aliyefundishwa kwa Cessna 172, ndege iliyoingia sokoni mwaka 1956 na kusaidia kuzizoesha shule za urubani gurudumu la pua. Anajua hali ya hewa, redio na ramani. Ubaoni anaweza kuchora kwa nini ndege hupinda. Mketishe ndani ya Piper Super Cub, aina ambayo mpaka leo huruka juu ya mbuga ya Tsavo kulinda tembo, naye atayumba kabla hata magurudumu hayajaiacha ardhi. Je, mtu huyu jana alijua kutua?

Jibu la haki ni chungu: sehemu ya ujuzi wake haikuwa yake, ilikuwa ya gurudumu la pua. Chombo kilimsahihisha kimyakimya, naye akajihesabia sifa. Beryl Markham, aliyejifunza urubani Nairobi na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, hakupata maficho hayo; ndege za mafunzo za enzi yake zilikaa kwa mkia.

Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, alishikilia mwaka 1949 kwamba kujua kutenda si kuzikariri kanuni kwanza halafu kuzitekeleza. Kanuni za Marekani zinakubaliana naye bila kumtaja. Rubani asiyewahi kuongoza ndege ya mkia kabla ya tarehe 15 Aprili 1991 hawezi kuwa kapteni wake hadi mwalimu amfundishe na aandike kwamba amemwona anaimudu. Idadi ya saa haikutajwa. Kinachotakiwa ni shahidi.

Ila Ryle hagusi kinachouma zaidi, yaani aibu ya mjuzi kurudi kuwa mwanafunzi. Hapo wasikilizaji wa darsa za Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, wana mwalimu mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1095 Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mashuhuri kwenye madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Alikuwa amevisoma vitabu vya masufi akavielewa, kisha akaona kwamba kilichobaki hakisomwi, huonjwa. Kuijua tafsiri ya afya si kuwa na afya. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, hadi ulimi ukafungwa asiweze kufundisha, na chakula kikakataa kupita kooni. Ndipo akaiacha Baghdad.

Ni kweli kwamba roho ya Ghazali na miguu ya rubani havipimwi kwa mizani moja. Hata hivyo kizuizi ni kilekile: heshima iliyokwisha kupatikana. Anayeanza upya hana budi kukubali kwamba watu walimsifu kwa haki, na bado alikuwa hajui.

Miaka kama kumi na moja baadaye Ghazali alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Waliomtazama waliona kazi ileile ya zamani; yeye mwenyewe aliandika kwamba hakurejea alikokuwa. Rubani naye hurudi kwenye Cessna yake ya gurudumu la pua, na sasa miguu yake inafanya kazi ambayo zamani aliliachia gurudumu. Kwenye leseni halijaongezwa hata neno moja kuhusu jambo hilo.